Breki ya Abiria: Hofu Yetu, Ziwa Letu na Hesabu ya Watu

 

Leo naomba tumzungumzie abiria mwoga. Unamjua. Anakaa kiti cha mbele pembeni ya dereva, na kila gari la mbele likiwasha taa nyekundu, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kana kwamba na yeye amewekewa breki. Kwenye Hiace ameshika bomba la kiti cha mbele kwa mikono miwili. Kwenye kivuko haketi ndani. Anasimama karibu na ukingo, anaangalia mawimbi, anaangalia magunia, anaangalia watu wanavyozidi kupanda, na midomo yake inacheza kwa sala. Akisema neno anajibiwa haraka: "Tulia mama, dereva anajua kazi yake." Na kama anajulikana kuwa mtu wa ibada, anaongezewa la pili linalouma zaidi: "Mbona huna imani?"

Mimi ni mmoja wao. Kazi yangu ni kushona na kuuza nguo. Vitambaa, uzi na zipu navifuata Mwanza mjini, nguo nazirudisha kisiwani, kwa hiyo mara nyingi maisha yangu yako mikononi mwa mtu ambaye hata jina lake silijui. Wengi wenu mko hivyo hivyo: wa dagaa, wa mitumba, wa vitenge, wa ndizi na mihogo. Biashara ya mwanamke wa ziwani inasafiri kila wiki, na mara chache sana yeye ndiye anayeshika usukani.

Sitaki kusimulia hofu yangu. Nataka tuitazame historia ya ziwa hili tuone huyu mwoga alikuwa akiogopa nini, na kama ni kweli kwamba tatizo lake ni upungufu wa imani.

Tulipoacha kupiga kasia

Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika upande wetu wa Mwanza, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na majina yao na safari zao muda mrefu kabla yake. Wakerewe, Wakara, Wajita, Wasukuma na Wahaya walilisafiri kwa mitumbwi ya kasia.

Kwenye mtumbwi hakuna abiria wa kukaa tu. Kama hupigi kasia, unachota maji yanayoingia. Anayeongoza chombo unamwona uso, unajua ni mtoto wa nani, na yeye anakujua. Ukiona wingu limekaa vibaya upande wa kisiwa fulani unasema, na anakusikia, maana mko hatua chache. Mtumbwi nao ulizama na watu walikufa, tusidanganyane. Ila kila aliyekuwamo alikuwa na macho, mkono na sauti katika safari ile.

Kisha ukaja mvuke. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka uliofuata meli ya Winifred ikashushwa majini. Upande wetu, reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, treni na meli zikakutana hapa. Mwaka 1961 ilianza kazi MV Victoria, ambayo wazee wa Mwanza na Bukoba mpaka leo wanaitaja kwa mapenzi. Meli zilitufaa sana. Zilibeba pamba, kahawa, wanafunzi, wagonjwa, maharusi na mahari zao.

Lakini kuna kitu kilibadilika taratibu bila kutangazwa. Nahodha alipanda juu kwenye chumba chake cha vioo, abiria akashuka chini na tiketi mkononi. Tangu hapo abiria hamjui anayemwendesha, na anayemwendesha hamjui abiria. Kinachojua ni watu wangapi wamo ni karatasi. Karatasi isipoandikwa, hakuna anayejua. Ishikeni hiyo karatasi akilini, maana ndiyo itakayotuongoza.

Mei 21, 1996

MV Bukoba iliundwa mwaka 1979 na ilikuwa ya Shirika la Reli Tanzania. Ilifanya safari kati ya Bukoba na Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430 na tani 850 za mizigo.

Ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua watu na mizigo zaidi, ikasafiri usiku kucha. Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, ikiwa imeshakaribia Mwanza, ilipinduka. Fikiria saa hiyo. Watu wameamka, wengine wanapanga mizigo na kuwafunga watoto mgongoni, maana mji unakaribia. Abiria mwoga ndiyo kwanza anaanza kupumua, kwa sababu anajua hatari imebaki nyuma usiku.

Meli haikwenda chini mara moja. Sehemu yake ilibaki ikielea imegeuka, na ndani kulikuwa na watu hai kwenye hewa iliyobaki. Katika juhudi za kuwaokoa, tundu lilikatwa kwenye bodi la meli. Hewa iliyokuwa ikiiweka juu ikatoka, na meli ikazama kabisa. Nadhani hakuna mtu wa Mwanza wa umri wangu ambaye hakukua na habari ya tundu lile. Tuliisikia jikoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni za maji.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Baadhi ya waliokufa walizikwa Igoma, hapa Mwanza, na kila Mei 21 watu hukusanyika pale kuwakumbuka.

Sasa turudi kwenye karatasi. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443. Hao peke yao wamekwisha kupita uwezo wa meli. Daraja la tatu, la watu wa nauli ndogo, halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo ukisoma habari za MV Bukoba unakutana na idadi zinazotofautiana, kuanzia zaidi ya watu 800 mpaka wanaofikisha 1,000. Tofauti ya mamia! Kila mmoja katika hayo mamia alikuwa na mama, alikuwa na jina, alikuwa na mtu aliyesimama gatini Mwanza akimsubiri na asijue kama kweli alipanda.

Hapa ndipo ninapomwona abiria mwoga kwa jicho jingine. Yule mwanamke aliyesimama kwenye ngazi ya meli akasema "jamani, mbona tumekuwa wengi", alikuwa anafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mwenye kalamu na daftari. Alikuwa anahesabu.

Mstari ubavuni mwa meli

Tusidhani haya ni ya kwetu tu. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na meli zilizopakiwa kupita kiasi, zikiwa zimekatiwa bima nzuri, kiasi kwamba mabaharia waliziita majeneza. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll wa Derby, alipiga kelele miaka mingi mpaka akaonekana mkorofi bungeni. Mwaka 1876 sheria ilipita kwamba kila meli ichorwe mstari ubavuni. Maji yakifika kwenye mstari, basi, hakuna kuongeza mzigo.

Mwanzoni sheria ile ilikuwa na kichekesho: mwenye meli aliachiwa achague mwenyewe mahali pa kuchora mstari wake. Wale waliopenda pesa waliuchora juu sana. Ilibidi ifike mwaka 1890 ndipo sheria ikamnyang'anya mwenye meli ruhusa hiyo. Mpaka leo ukiangalia ubavu wa meli kubwa utaona duara lililopitiwa na mstari katikati. Ndiyo alama yenyewe, na watu bado wanaiita kwa jina la Plimsoll.

Sisi mafundi cherehani tunaelewa thamani ya mstari. Ukishapiga chaki kwenye kitambaa, mkasi una mpaka wake, na mteja anaweza kuuona mpaka huo hata kama hajui kushona. Uzuri wa mstari wa Plimsoll ni huo huo. Mtu asiye na elimu ya meli, aliyesimama gatini na kapu lake kichwani, anaweza kuangalia ubavu akaona maji yamefika wapi. Plimsoll hakuwafundisha abiria kuendesha meli. Aliwapa kitu cha kutazama ili hofu yao iwe na ushahidi.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Titanic mwaka 1912. Ilibeba watu zaidi ya 2,200 na mashua za kuokolea zenye nafasi 1,178 tu, na haikuwa imevunja sheria ya wakati ule. Mataifa yakakutana, na mwaka 1914 yakaandika mkataba wa kwanza wa usalama wa watu baharini. Jaketi okozi unaloliona limefungwa darini kwenye kivuko linatoka kwenye ukoo wa sheria za namna hiyo. Kila moja ya sheria hizo ilianza kama wasiwasi wa watu fulani ambao waliambiwa watulie.

Miaka 22 baadaye

Baada ya MV Bukoba, mambo kadhaa yalibadilishwa kwetu. Mwaka 1997 iliundwa Kampuni ya Huduma za Meli, ile tuliyoiita MSCL, kuendesha meli za maziwa badala ya kuwa chini ya Shirika la Reli. Ikaja pia mamlaka ya kusimamia usafiri wa nchi kavu na majini, SUMATRA, na baadaye usimamizi wa majini ukaenda TASAC. Mtu angeweza kusema somo limeeleweka.

Kisha ikafika Alhamisi, Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, kwenda Bwisya kisiwani Ukara. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Dada zangu, mnajua kivuko cha siku ya gulio kinavyokuwa. Mahindi, ndizi, mifuko ya saruji, makreti, na juu ya yote watu wanaotaka kufika nyumbani kabla ya jua kuzama. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 100.

Kilipinduka mchana kikiwa kimebakiza kama mita 50 kufika gati la Bwisya. Mita 50! Waliokuwa nchi kavu waliona kwa macho yao. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba watu walianza kusogea upande mmoja wajiandae kushuka. Waliokufa walihesabiwa 228 na walionusurika 41. Miongoni mwa waliokufa, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na watoto wa kike wengi kuliko wa kiume. Sishangai. Gulio ni letu. Mmoja wa walionusurika, mhandisi wa kivuko, wapiga mbizi walimtoa akiwa hai siku mbili baadaye, kwenye chumba chenye hewa kidogo ndani ya chombo kilichopinduka.

Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo. Akilihutubia Taifa alisema ameelezwa kwamba nahodha mwenyewe hakuwamo, na usukani ulikuwa umeachwa kwa mtu asiyekuwa na mafunzo ya kazi hiyo.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho taratibu. Swali ambalo abiria mwoga hujionea aibu kuliuliza, "leo nani anaendesha?", ndilo swali ambalo Rais wa nchi alilazimika kulizungumzia baada ya ajali. Lingeulizwa gatini Bugolora lingeitwa kiherehere.

Waliokataa kupanda

Hofu ya abiria imewahi kumsaidia mwenyewe pia, na mfano wake uko kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Meli ile ilikuwa imeanzia safari Dar es Salaam. Vyombo vya habari vya wakati ule vilieleza kwamba wapo wasafiri walioifikia pale Dar es Salaam, wakaona jinsi ilivyojaa, wakakataa kupanda.

Hao watu nawafikiria mara nyingi. Nauli labda walishalipa. Wenzao labda waliwacheka. Walirudi nyumbani na mizigo yao, wakiwa na aibu ya mtu aliyeaga halafu akaonekana tena mlangoni. Kesho yake asubuhi aibu ile ilikuwa imegeuka kitu kingine kabisa. Hatusikii majina yao kwenye kumbukumbu za mwaka, kwa sababu mtu ambaye hakupanda hana habari ya kuandikwa gazetini.

Mtume aliyekuwa abiria

Sasa nije kwenye lile neno linalouma, la kukosa imani. Wengi hutukumbusha habari ya wanafunzi kwenye ziwa la Galilaya, waliopiga kelele kwenye dhoruba wakaambiwa imani yao ni haba. Ni habari ya kweli na ina mahali pake. Lakini kuna safari nyingine ya majini ambayo hatuisomi mara nyingi, nayo iko kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 27.

Paulo alikuwa abiria, tena abiria mfungwa, akipelekwa Roma. Merikebu ilipofika kisiwa cha Krete, msimu wa kusafiri ulikuwa umepita. Paulo akawaonya kwamba wakiendelea watapata hasara ya mzigo, ya chombo na ya maisha. Akida aliyekuwa na mamlaka akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Wakaondoka. Dhoruba ikawakamata siku nyingi, wakatupa shehena, wakatupa vyombo vya merikebu, na mwisho merikebu ikavunjika karibu na kisiwa cha Malta.

Hebu tuambiane ukweli: nani angethubutu kumwambia Paulo hana imani? Alisema neno lake la tahadhari bandarini, mapema, wakati bado linaweza kusaidia. Na huko kwenye dhoruba, wengine walipokata tamaa, yeye ndiye aliyewatia moyo wale chakula. Tahadhari na imani zilikaa ndani ya mtu mmoja, katika safari moja, bila kugombana. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo, aliyewaona na kusema ni huyo huyo abiria.

Na kuna jambo moja dogo ambalo sikuliona mpaka nilipoanza kuzifikiria MV Bukoba na MV Nyerere. Mwandishi wa habari ile, katikati ya dhoruba, anasimama kutupa hesabu: wote waliokuwamo merikebuni walikuwa nafsi 276. Anahesabu wote, askari, wafungwa na mabaharia. Na wote 276 walifika nchi kavu salama. Tunaweza kusema hivyo kwa uhakika baada ya karibu miaka 2,000 kwa sababu kuna mtu aliyewahesabu. MV Nyerere, ukijumlisha waliokufa na walionusurika, ilikuwa na watu 269, karibu sawa kabisa na merikebu ya Paulo. Hesabu hiyo tuliipata kwa kuhesabu miili.

Ndugu zetu Waislamu nao wana dua ya safari wanayoisoma wakishapanda chombo, na wana mafundisho kwamba mtu hufunga kamba ya ngamia wake kisha ndiyo amtegemee Mungu. Naona tunakutana hapo. Sala haikuwekwa ichukue nafasi ya kamba.

Hesabu inapokamilika

Mfano wa karibuni zaidi uko upande wa pili wa ziwa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki na 24 walinusurika.

Jumlisha: 43. Ndiyo idadi ya waliokuwamo kwenye ndege, abiria 39 na wahudumu 4, kila mmoja kwa jina lake. Maumivu yalikuwa makubwa, lakini hakuna familia iliyobaki miaka ikijiuliza kama mtu wao alipanda au hakupanda. Nani yupo, nani hayupo, ilijulikana. Huo ndio utofauti kati ya chombo kinachohesabu watu na chombo kinachohesabu nauli tu.

Hofu imehamia darajani

Mwaka 2025, Juni 19, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Tuliozoea kusubiri kivuko pale, na wagonjwa waliozoea kusubiri usiku, tunajua ni zawadi ya namna gani. Majini nako meli mpya ya MV Mwanza, iliyoundwa kubeba abiria 1,200, ilishushwa Februari 2023. Namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Ila hofu ya abiria haikubaki Kigongo. Imepanda basi, imevuka nalo. Zamani pale mtu aliogopa mawimbi, sasa anamtazama dereva anayependa barabara nyoofu kuliko roho za watu. Na meli ya watu 1,200 inataka hesabu makini zaidi kuliko ya watu 430. Chombo kikiwa kikubwa, karatasi nayo inazidi uzito.

Stendi zetu zina maandishi mawili yanayojulikana na kila mtu. La kwanza: "Abiria chunga mzigo wako." La pili, ndani ya basi: usizungumze na dereva. Tumeyatii yote mawili vizuri mno. Tumechunga mabegi, tumekaa kimya. Na methali nayo inatukumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, usukani unataka mtu mmoja. Lakini kuuliza tumo wangapi, au kumwomba anayeuongoza aweke simu chini, hakumnyang'anyi mtu usukani. Mzigo wa kwanza wa abiria ni uhai wake na wa mwanawe.

Kwa hiyo dada zangu, haya ndiyo ninayojaribu kuyafanya na ninayoomba tufanye pamoja.

Semeni mapema. Paulo alisema bandarini. Neno linalosemwa kabla chombo hakijang'oa nanga lina nguvu kuliko makelele ya katikati ya maji, ambayo yanaweza kufanya watu wakimbilie upande mmoja.

Semeni kwa heshima na kwa jambo linaloonekana. "Kaka dereva, samahani, naomba simu ipokelewe na kondakta" inasikilizwa kuliko "utatuua wewe!" Kwa mzee wa kivukoni, "Shikamoo baba, jaketi za watoto ziko wapi?" Ni swali la adabu kabisa, na mwenye nazo atakuonyesha. Nyumbani pia, kwa Baba Fulani anayependa kukimbiza gari: mwambie kabla ya kuwasha gari, mkiwa mnacheka, kwamba moyo wako unaanza kudunda akipita mwendo fulani. Kukanyaga breki hewa na kununa njia nzima hakujawahi kupunguza mwendo wa gari.

Msiposikilizwa, shukeni. Nauli inatafutwa tena. Kitambaa kitauzwa wiki ijayo.

Chombo kikikaribia gati, kaeni mahali penu mpaka kifungwe kamba. Bwisya na Mwanza zote zilikuwa zinaonekana kwa macho.

Na la mwisho ni la karatasi. Ukikata tiketi ya meli, taja jina lako kamili hata kama foleni ni ndefu na karani amechoka. Taja na la mtoto. Huyu wa mgongoni ambaye halipiwi nauli ndiye rahisi kusahaulika kwenye orodha. Karani akikuambia "huyo haandikwi, ni mdogo", mwombe kwa upole amwandike. Pale Igoma, kati ya wale waliozikwa, hakuna anayeweza kutuambia kwa uhakika wangapi walipanda MV Bukoba wakiwa mgongoni mwa mama zao.

Safari njema, wapendwa.